Watoto wangu wanajua kueleza hesabu, lakini alama zimeshuka

SWALI

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mwalimu katika shule ya msingi ya umma huku Kisauni, Mombasa. Nafundisha Hisabati Gredi ya Nne, mkondo mmoja kati ya miwili. Ni mwalimu mwanagenzi, yaani sijaajiriwa kwa masharti ya kudumu, na ripoti ya shule kunihusu ina uzito. Naomba jina langu lisitajwe.

Nilipolipokea darasa hili nilikuta watoto wanaofuata hatua vizuri bila kujua zinawapeleka wapi. Hesabu ya kugawanya ukiiandika ubaoni wanaigawanya. Ukiiweka ndani ya maneno, wanakutazama usoni ili wakisie: tujumlishe au tutoe? Wengine huuliza waziwazi, "Mwalimu, hii ni ya kuzidisha?" Basi nikaanza kuwataka waeleze. Mtoto akikosea simwambii amekosa. Namuuliza, "Kwa nini unasema hivyo?" na wenzake wanachangia.

Siku moja niliwapa swali hili: watoto 45 wanakwenda kutembea Fort Jesus, na matatu moja inabeba abiria 14. Zitahitajika matatu ngapi? Karibu darasa zima liliandika "3 baki 3". Nikauliza, hao watatu waliobaki watafikaje? Hapo darasa likachangamka. Mmoja akasema nne. Mvulana anayekaa nyuma akasema tatu zinatosha, kwa sababu makanga, yaani kondakta, atabananisha mtoto mmoja zaidi kwenye kila gari. Msichana mmoja akafikiri kitambo, halafu akasema kukodi gari zima kwa watoto watatu ni hasara. Tuchukue matatu moja ya 14 na ile kubwa ya viti 33, wote wataingia na viti viwili vitabaki. Nilifurahi hadi machozi yakanilenga.

Wakati huohuo naibu wa mwalimu mkuu alikuwa akipita nje. Alisimama mlangoni akaona watoto wamesimama, kila mtu anataka kusema. Baadaye akaniita. Akaniambia kipindi kizima nimefanya swali moja, na mkondo wa pili wamefanya kumi na tano.

Bi Mshauri, naibu huyu ndiye aliyenifundisha hesabu nilipokuwa mtoto. Alinipenda na alinisukuma mpaka nikafika chuo cha ualimu. Angekuwa mtu mwingine, maneno yake yasingeniuma hivi.

Kisha mtihani wa mwisho wa muhula ukaja, na wastani wa darasa langu ukawa chini ya ule wa mkondo wa pili. Kundi la wazazi la WhatsApp likawaka moto. Baba mmoja aliandika kwamba siku hizi mwanawe akiambiwa jambo nyumbani anamuuliza, "Umejuaje?" na kwamba huo ni ujeuri, si hesabu. Baadhi ya wazazi wameshatafuta tuisheni.

Na kuna jambo linaloninyima usingizi zaidi ya yote hayo. Ninaye msichana aliyekuwa akishika nambari ya kwanza. Jedwali la kuzidisha analo kichwani mpaka 12, na daftari lake halina doa. Sasa nikimuuliza kwa nini, anainamisha kichwa, machozi yanamtoka. Mamake amenipigia simu kusema mtoto anaumwa na tumbo kila asubuhi.

Naibu amenipa njia mbili. Ama nirudi kwenye mazoezi ya kawaida, hesabu nyingi na maneno machache, ama muhula ujao nipelekwe Gredi ya Pili. Mtaala wa Umilisi wenyewe unatutaka tukuze kufikiri kwa kina na utatuzi wa matatizo. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa chuoni. Lakini mbele ya watoto hawa kuna KPSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi ya Sita, na huko ni kuchagua A, B, C au D, hakuna anayeuliza umefikaje. Nishikilie ninachokiamini huku watoto wa watu ndio wanaolipa gharama? Au niinamishe kichwa, nifundishe majibu, niokoe kazi yangu?

Mwalimu wa Kisauni

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa yaliyokukuta.

Nilivyokuelewa, una mambo matatu yaliyofungwa fundo moja: alama zilizoshuka, mwalimu unayempenda ambaye sasa hamuelewani, na mtoto anayelia. Wewe umeyaandika kana kwamba yote ni vita kati ya kufikiri na mtihani. Naomba tuyafungue moja moja, kwa sababu sioni hakika kwamba yana chanzo kimoja.

Ulichokiona darasani ni cha kweli, na hakikuanzia Kisauni. Karibu na mwaka 1980, watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliwapa watoto wa shule ya msingi hesabu hii: chomboni mna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Watoto 76 kati ya 97 walitoa umri wa nahodha kwa kutumia namba hizo; jumlisha 26 na 10, basi ana miaka 36. Watoto hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wameshajifunza shuleni kwamba kila swali la hesabu lina jibu, kwamba kila namba iliyotajwa lazima itumike, na kwamba kuuliza kama swali lenyewe lina maana si kazi ya mwanafunzi. "3 baki 3" ya darasa lako imetoka hukohuko. Kwa hivyo usikubali kuambiwa kwamba umejitungia tatizo.

Tena naomba usimpuuze yule mvulana wa makanga. Kwenye karatasi ya mtihani angekosa alama, lakini hoja yake imefuatana sawasawa na msingi alioanzia: gari hubeba zaidi ya viti vyake. Kinachotakiwa kujadiliwa ni huo msingi. Sheria inaruhusu? Ni salama? Na swali lilisema gari "inabeba abiria 14", je, tuna ruhusa ya kulibadilisha? Mtoto wa miaka kumi akitambua kwamba jibu linategemea umeanza na nini, na kwamba watu wawili wanaweza kufikiri vizuri wakatofautiana kwa sababu hawakuanzia mahali pamoja, amepata kitu ambacho watu wazima wengi barazani hatuna. Yule msichana wa viti 33 naye alibadilisha msingi, ila yeye alisema wazi anachokibadilisha. Tofauti hiyo ungeweza kuiandika ubaoni, watoto wakaondoka nayo.

Sasa tuje kwenye alama. Umeandika kana kwamba limeshathibitika kuwa zimeshuka kwa sababu ya mjadala. Nakuuliza kwa mapenzi: umejuaje?

Zichukue karatasi za ule mtihani, keti nazo jioni, uyapange makosa kwa mafungu. Fungu moja liwe la maswali ambayo hawakuyafikia kwa kukosa muda. Jingine liwe la hesabu zenyewe, pale mtoto alipojua afanye nini lakini 7 mara 8 akaandika 54. Na jingine liwe la maswali ambayo mtoto hakuelewa ameulizwa nini. Mimi nashuku hilo la mwisho litakuwa nene. Kuanzia Gredi ya Nne somo linafundishwa kwa Kiingereza, na watoto wako nyumbani, sokoni na barabarani wanaishi kwa Kiswahili. Ule mjadala wa matatu sidhani kama ulikwenda kwa Kiingereza. Mtihani ulikuwa kwa Kiingereza.

Huko Recife, Brazil, watafiti Terezinha Nunes, David Carraher na Analúcia Schliemann waliwafuata watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa barabarani, wa miaka 9 hadi 15, wakajifanya wateja. Mmoja aliulizwa bei ya nazi 10, kila moja 35. Akahesabu papo hapo: tatu ni 105, tatu nyingine 210, tatu tena 315, ongeza moja, 350. Wakiwa kazini watoto hao walipatia takriban asilimia 98 ya maswali. Walipoletewa hesabu za aina hiyohiyo kwenye karatasi, bila nazi wala mteja, wakapatia kama asilimia 37. Matokeo hayo yalichapishwa 1985. Vichwa vilikuwa vilevile. Kilichokosekana ni mtu wa kuwavusha kutoka kufikiri kwao mpaka maandishi ya shule.

Ikiwa fungu hilo ndilo nene, basi huna haja ya kupunguza kufikiri. Unahitaji dakika za mwisho za kipindi: wameshajadiliana kwa Kiswahili, sasa mwandike pamoja ubaoni kwa Kiingereza kile walichokisema, kisha wasome swali lenyewe tena na tena mpaka wajue kila sentensi inadai nini. Lakini ikiwa fungu nene ni lile la 7 mara 8, utakuwa umeambiwa jambo jingine, na itakubidi ulisikie hata kama halikufurahishi.

Maana nimeona kwenye barua yako kwamba kukariri unakuweka upande wa adui. Hapo tutazame upya. Wengi wa watoto wako bila shaka wanahifadhi juzuu Amma ya Kurani madrasani, na hakuna anayesema kuhifadhi kunawazuia kuja kuelewa. Mtoto anayesita kwenye 7 mara 8 hana nafasi kichwani ya kufikiria matatu. Nguvu yote imeishia kwenye kuzidisha. Kipindi chako ni cha dakika 35. Ukizitoa chache za mwanzo kwa jedwali, kwa haraka na kwa sauti, hujausaliti ualimu wako. Na kuna njia ya kuviunganisha: asiyeikumbuka 7 mara 8 aulizwe anakumbuka nini kilicho jirani. Anajua 7 mara 7 ni 49? Basi aongeze 7 moja. Hapo amefikiri, na jedwali limeingia.

Msichana wako anayelia ndiye ninayemfikiria zaidi. Umeandika kwamba mtoto akikosea ndipo unapomuuliza kwa nini. Jiweke mahali pake. Kwa kadiri anavyoona yeye, "kwa nini" ni njia ya upole ya mwalimu kusema "umekosa", na yeye hajazoea kukosa. Pia amepokonywa kitu. Alikuwa na heshima yake darasani, ilijengwa juu ya wepesi na usafi wa daftari, na siku moja mchezo ukabadilishwa bila yeye kuambiwa sheria mpya. Jaribu kuwauliza wanaopatia kama unavyowauliza wanaokosea, mpaka swali lipoteze harufu ya kosa. Muulize "ulifanyaje?" kabla ya "kwa nini", maana kusimulia hatua ni rahisi kuliko kutetea. Mruhusu achore. Mruhusu amweleze jirani yake kwanza, wawili tu, kabla ya darasa zima. Na uwezo wake uupe kazi ya heshima. Kwa mfano, mwambie atafute katika jedwali kama witiri (namba kama 3, 5 au 7) mara witiri huwahi kutoa shufwa (namba kama 2, 4 au 6). Namba zote anazo kichwani. Atapekua, hataipata hata moja, halafu ataanza mwenyewe kujiuliza imekuwaje. Hata hivyo, tumbo linalouma kila asubuhi usilichukulie kuwa ni la Hisabati tu. Keti na mamake, mwende polepole, msikie kama kuna jingine.

Kuhusu yule baba wa "umejuaje", nakusihi usimwone mtu wa zamani. Kwetu pwani namna ya kumuuliza mkubwa ni sehemu ya malezi, na mtoto amebeba swali la darasani akalipeleka nyumbani bila kulivisha adabu. Hilo linafundishika. "Baba, nieleze na mimi nielewe" inatafuta kitu kilekile na haimvunjii mtu heshima. Unaweza pia kuwatumia watoto nyumbani na lile fumbo la mtu mwenye chui, mbuzi na majani anayetaka kuvuka mto kwa mtumbwi unaobeba kimoja tu kila safari: ukimwacha chui na mbuzi, mbuzi ataliwa, ukimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Waambie wamuulize babu au bibi. Wazee wengi wanalijua, na mtoto ataambiwa achore, ajaribu, arudi nyuma, mpaka agundue kwamba kuna safari moja inabidi mbuzi arudishwe alikotoka. Huko ni kufikiri kwa mantiki, tena mzee ndiye anayeshika chaki.

Na naibu? Mwanangu, yeye amefundisha miaka mingi ndani ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, na mtihani wake wa KCPE ukafanywa kwa mara ya mwisho 2023. Kwa muda wote huo mwalimu alipimwa kwa wastani wa darasa, na wastani ukishuka yeye ndiye aliyeitwa ofisini. Hofu yake inaweza kuwa kwa ajili yako, kwa kuwa anajua mwanagenzi hana kinga. Isitoshe, wewe uliyetoka mikononi mwake unaipenda hesabu. Alifanya nini na wewe? Hebu muulize. Nenda na yale mafungu ya karatasi, mpokelee ushauri kama mwalimu wako, kisha mwonyeshe ulichokiona. Huenda akakataa vilevile, sikuahidi. Lakini mtakuwa mnazungumzia makosa ya watoto, si ukaidi wako.

Anaweza kukurudishia hoja ya KPSEA. Hapo unayo ya kumwonyesha. Chukua 48 mara 25, majibu manne: 120, 960, 1,200 na 12,000. Mtoto wa hatua peke yake ataanza kuzidisha kwa safu. Mtoto aliyezoea kufikiri ataona kwamba 25 nne ni 100, na 48 ina nne kumi na mbili, basi ni 1,200. Ameshahamia swali linalofuata. Tena hiyo KPSEA ni asilimia 20 tu ya alama zinazompangia mtoto sekondari ya juu. Ina uzito wake, ila haifungi mlango wa maisha.

Sasa njia zilizo mbele yako. Ukiendelea kama ulivyo bila kubadilisha lolote, unaweza kuwa na haki na bado ukapoteza darasa, na watoto watapata mwalimu mwingine katikati ya mwaka, wakiwa hawajui wafuate mtindo upi. Ukirudi kwenye mazoezi matupu, wastani huenda ukapanda na kundi la wazazi likatulia. Nakuogopea wewe, kwamba utafundisha ukiwa umezimika, na watoto hulihisi hilo. Ukichanganya, labda vipindi viwili vya mjadala kati ya vitano vya wiki na vilivyobaki vya mazoezi, hatari yake ni kuonekana huko wala huku. Naibu ataona bado kelele, nawe utaona umekata kona. Kama hiyo ndiyo itakayokuvutia, mwombe naibu muda maalumu, tuseme hadi katikati ya muhula ujao, na mkubaliane mapema mtaangalia nini.

Gredi ya Pili umeitaja kama adhabu, na pengine ndivyo ilivyokusudiwa. Itazame kidogo kabla ya kuikataa. Huko katika shule za mjini kama yenu huweza kufundishwa kwa Kiswahili, KPSEA iko mbali, na ile tabia ya kuangalia uso wa mwalimu ili kukisia ishara ya kutumia ndipo inapoanza kuota. Ungeikuta ikiwa changa. Utakachopoteza ni hawa watoto wa sasa, ambao umeshawaamsha, na sijui kama moyo wako uko tayari kwa hilo. Unajua wewe.

Suala la uanagenzi nalo si la kuonea haya. Una haki ya kuitaka kazi yako, na kulinda mkate wako hakukufanyi mwalimu asiye na msimamo. Kabla hujajibu, uliza kama ripoti ya mwaka inaandikwa na naibu peke yake au na mwalimu mkuu, na kama kuna mwalimu mwingine wa Hisabati anayeweza kuja kukaa nyuma ya darasa lako kipindi kimoja akaona kinachotendeka.

Ukishazipanga karatasi, niandikie uniambie ni fungu lipi limekuwa nene. Kuna mengi ya kuzungumza zaidi hapo, na yatatofautiana kulingana na utakachokikuta.